Santosha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kuridhika kwa Njia ya Yoga

Majibu haya ni ya watu wa Dodoma na mikoa ya jirani wanaofanya yoga, au wanaofikiria kuanza, na ambao wameona kwamba kunyoosha viungo peke yake hakujawapunguzia mahangaiko ya mwisho wa mwezi. Yanahusu kanuni moja tu, ile ya kuridhika, na namna ya kuifanyia mazoezi nyumbani, kazini, sokoni na kwenye simu. Si lazima uyafuate kwa mpangilio. Anza na swali linalokukera zaidi.

Santosha ni nini hasa?

Ni kanuni ya kuridhika. Katika Yoga Sutra za Patanjali, mkusanyiko wa kale wa kauli fupi (sutra) za kufundisha yoga, njia ya yoga ina matawi 8. La kwanza ni yama, makatazo 5 yanayohusu jinsi unavyoishi na watu: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kutawala tamaa za mwili na kutojilimbikizia mali. La pili ni niyama, mambo 5 ambayo mtu anayalea ndani yake: usafi, kuridhika, bidii yenye nidhamu, kujichunguza na kujifunza, na kujikabidhi kwa Mungu. Mikao ya mwili, ambayo kwa wengi ndiyo yoga yote, ni tawi la 3. Kuridhika kumetangulia.

Sutra ya 2.42 inataja tunda lake: kwa kuridhika, mtu hupata furaha ambayo hakuna inayoizidi. Vyasa, mfafanuzi wa kale wa sutra hizo, alieleza kuridhika kuwa ni kutotaka zaidi ya nyenzo ulizo nazo mkononi. Tunautumia ufafanuzi huo katika majibu yote kwa sababu unapimika. Haukuamuru ujisikie vizuri. Unakuuliza mambo mawili: leo una nini cha kufanyia kazi, na unang'ang'ania nini ambacho leo hakipo?

Mama lishe wa Majengo mwenye jiko moja la mkaa anaweza kulitumia jiko hilo kikamilifu: maharage yanachemka alfajiri, wali unafuata, mboga inakuja mwisho. Akishinda asubuhi nzima akilisononekea jiko la pili ambalo hana, wali utaungua na jiko la pili halitakuja. Kuweka akiba ya jiko hilo jioni, baada ya kufunga hesabu, ni halali kabisa na hakuvunji kanuni yoyote.

Kwa hiyo ni kukubali hali na kukaa tu?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapotea. Kwenye orodha ya Patanjali, neno linalofuata mara tu baada ya kuridhika ni tapasi, yaani bidii yenye moto, ile ya kuamka na kufanya hata mwili ukikataa. Viwili hivyo vimewekwa jirani na tunavifundisha pamoja. Bidii bila kuridhika huzaa mtu anayefanya kazi saa 14 na halali usiku. Kuridhika bila bidii huzaa mtu anayeuita uzembe wake utulivu.

Mgawanyo wenyewe ni huu: bidii unaielekeza kwenye kazi, kuridhika unakuelekeza kwenye matokeo. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na ndani yake huwa na vipindi vya ukavu. Mkulima wa Bahi au Chamwino anachagua mbegu (mtama au uwele huhimili ukame kuliko mahindi), anaandaa shamba kabla mvua haijaanza, anapalilia mapema magugu yasinywe maji ya mimea, anatengeneza matuta ya kukinga maji yasikimbie. Hayo yote yako mikononi mwake na hatakiwi kuridhika na nusu yake. Wiki 3 za jua katikati ya Februari haziko mikononi mwake. Kuridhika kunaanzia hapo, na kunamwachia akili iliyotulia ya kuamua kama apande upya, apande mazao mengine au auze mbuzi mapema kabla bei haijashuka.

Ukitaka kujipima, jiulize: baada ya kusema "nimeridhika", je, nguvu ya kufanya kazi imeongezeka au imepungua? Ikiwa umelegea, unaahirisha mambo na hutaki kuulizwa, hiyo haikuwa santosha.

Mshahara wangu haunitoshi. Nitaridhikaje?

Tuseme wazi: hakuna zoezi la kupumua linalolipa kodi ya nyumba. Mwenye njaa anahitaji chakula, na kumhubiria kuridhika ni kumkosea. Zoezi hili linamfaa mtu ambaye ya lazima yanapatikana, hata kwa kubana, lakini kila mwisho wa mwezi anajikuta anadaiwa na hajui fedha imekwenda wapi.

Chukua karatasi, gawa safu 3: *lazima*, *inafaa*, *macho ya watu*. Andika kila shilingi iliyotoka mwezi uliopita katika safu yake. Safu ya tatu ndiyo ngumu, kwa sababu vitu vyake huwa vimejificha kwenye zile mbili. Simu ni lazima. Kubadilisha simu nzima kwa sababu kundi zima ofisini lina toleo jipya ni macho ya watu.

Kisha andika kiwango cha "inatosha" kwa kila jambo kabla mwezi haujaanza. Mfano wa mtu anayepokea 600,000 mkononi: kodi 150,000 (mwenye nyumba akidai miezi 6 mbele, hiyo ni 900,000, kwa hiyo 150,000 inawekwa kando kila mwezi hata kama malipo bado), chakula 180,000, nauli 52,000, umeme, maji na gesi 45,000, mzazi kijijini 40,000. Jumla 467,000. Zinabaki 133,000. Katika hizo akiba inatoka kwanza, tuseme 50,000, halafu michango 30,000, na 53,000 ni za dharura, mavazi na mapumziko. Namba zako zitakuwa nyingine. Kilicho muhimu ni kwamba "inatosha" imeandikwa siku ambayo hakuna kitu kinachokuvuta, kwa sababu ukisubiri kuipanga ukiwa dukani utashindwa.

Kwa kununua, tunashauri subira ya aina mbili. Kitu cha zaidi ya 20,000 ambacho hakimo kwenye mpango kinasubiri siku 3. Kinachozidi sehemu ya kumi ya mshahara kinasubiri siku 30. Andika jina la kitu na tarehe. Siku ikifika na bado unakihitaji, na fedha ipo, kinunue bila kujilaumu. Mengi kwenye orodha hiyo utayafuta mwenyewe.

Na mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kila wiki au kila siku, usiiguse kwa kitu kilichomo kwenye safu ya tatu. Hata siku moja. Kitu ulichokopea ili upendeze mbele ya watu unakilipia miezi mingi baada ya watu hao kusahau.

Michango ya harusi je? Huko hakuna kukataa.

Kuna kupanga. Kuchangiana ni jambo jema na hatumshauri mtu ajitoe kwenye jamii yake kwa jina la yoga. Tatizo huanzia kwenye ahadi. Mtu anakaa kwenye kikao cha kamati, wa kwanza anatamka 100,000, wa pili 100,000, wa tatu ambaye alikuja na 30,000 moyoni anatamka 100,000. Kuanzia dakika hiyo ana deni la wiki 6 na chuki ndogo kwa bwana harusi ambaye hajamkosea lolote.

Fanya hivi. Kiasi cha michango cha mwezi kiwe kimeshaandikwa. Kadi au ujumbe ukija, jibu ndani ya siku moja, kwa kiasi kamili na tarehe: "Hongereni sana. Mchango wangu ni 20,000, nitatuma tarehe 28." Usieleze sababu, maelezo marefu hufungua mjadala. Usiende kwenye kikao cha ahadi bila kiasi kilichoandikwa mfukoni. Kwa ndugu wa karibu, ambao 20,000 kwao itakuwa aibu ya kweli, anza kuweka kando miezi 4 au 5 kabla, kwa sababu harusi ya mdogo wako huwa haikujii kwa kushtukiza.

Sare ya kitambaa ni jambo jingine. Unaweza kuchangia na kuhudhuria bila kushona sare. Utaangaliwa mara moja ukumbini, na kuangaliwa huko ndiyo sehemu ya mazoezi: hisi joto la uso, pumua mara 5 taratibu, endelea kushangilia na wenzako.

Nipeni zoezi la kila siku, la hatua kwa hatua.

Dakika 15, asubuhi kabla ya simu. Kwa Dodoma tunapendelea mapema, saa 12 hivi, kabla upepo wa vumbi haujaanza. Mwezi wa 6 na wa 7 sakafu ya saruji huwa ya baridi kweli, kwa hiyo tanguliza blanketi chini ya mkeka.

*Kukaa, dakika 1.* Kunja blanketi lifikie unene wa sentimita 10 hivi, kalia ukingo wake, miguu ikiwa imepishana. Magoti yawe chini kuliko nyonga. Yakiwa juu, ongeza unene, la sivyo mgongo utapinda na utaanza kuuma dakika ya 3. Kiti cha plastiki kinafaa vilevile, nyayo zikiwa zimetulia chini na mgongo haujaegemea.

*Pumzi, dakika 5.* Mdomo umefungwa. Vuta kwa hesabu 4, toa kwa hesabu 6, kila hesabu kama sekunde moja. Hiyo ni pumzi 30 hivi. Usizuie pumzi katikati, hasa kama una presha ya kupanda. Ukihisi kizunguzungu umevuta hewa kwa nguvu kupita kiasi. Rudi kwenye pumzi ya kawaida, kisha anza na 3 kwa 4. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta kunapunguza mapigo ya moyo kidogo, na mwili uliotulia unadai vichache.

*Mikao, dakika 6.* Simama wima, nyayo zikiwa na upana wa nyonga, uzito uwe sawa kati ya kisigino na vidole, pumzi 8. Kisha inama mbele, magoti yamekunjwa vya kutosha ili tumbo liguse mapaja, kichwa kimeachiwa, pumzi 8. Halafu lala chali, miguu imeegemezwa ukutani, dakika 3. Mwenye presha isiyodhibitiwa, presha ya macho au mimba kubwa asiiname hivyo wala asipandishe miguu ukutani: ainame nusu tu akishika kiti, na badala ya kulala chali akae akipumua, au mjamzito alale ubavu wa kushoto.

*Daftari, dakika 3.* Andika nyenzo 3 ulizo nazo leo, zile za kufanyia kazi: "saa 2 kabla ya kikao", "fundi amekubali kuja", "mguu hauumi tena". Chini yake andika jambo moja ambalo leo, leo tu, unaacha kulidai. "Leo sidai bosi anisifu." "Leo sidai mvua."

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayoitofautisha santosha na kuorodhesha shukrani. Kushukuru ni kuzuri, ila mtu anaweza kushukuru kwa vitu 10 huku ameshika kwa nguvu kile cha 11 asichonacho. Kukiachia hicho, kwa siku moja tu, ndiko kunakofanya kazi.

Kwenye mkao, nitajuaje kama nimeridhika au nimezembea?

Tumia pumzi. Patanjali alisema mkao uwe thabiti na wenye raha, vyote viwili kwa pamoja. Ingia kwenye mkao hadi pale unapoanza kuhisi mvuto, kisha rudi nyuma kidogo, kama robo ya njia uliyokwenda, ukae hapo pumzi 5. Ikiwa pumzi inapita puani bila kukwama na taya halijabana, uko mahali pake. Pumzi ikikatika, au ukijikuta unaizuia, umepita. Ikiwa huhisi chochote na akili imeshakwenda sokoni, umebaki nyuma, sogea.

Maumivu makali kwenye goti, kiuno au shingo ni ishara ya kutoka, si ya kuvumilia. Watu huumia zaidi wanapofanya na wenzao, kwa sababu jicho linakwenda kwenye mkeka wa jirani. Kama hilo ni tatizo lako, fanya mkao wa kuinama macho yakiwa yamefumbwa, na ule wa kusimama kwa mguu mmoja ufanye ukiutazama ukuta.

Nahitaji mwalimu, mkeka maalumu, mavazi?

Mkeka wa ukili unafaa kwa kukaa na kulala. Kwa kusimama unateleza kwenye vigae, kwa hiyo simama peku sakafuni. Suruali ya mazoezi au dera lililofungwa kwa kanga vinatosha. Mwalimu anasaidia kwenye mikao. Kwenye kuridhika, rafiki mmoja wa kuulizana naye kila Jumamosi anatosha.

Kila nikifungua simu naona wenzangu wamefanikiwa. Niifute?

Si lazima. Fanya hatua hizi kwa wiki 3 uone:

Nyamazisha status za watu ambao ukimaliza kuzitazama unajihisi umechelewa maishani. Bonyeza na ushikilie status yake, chagua kunyamazisha. Yeye hapewi taarifa, na urafiki wenu unaendelea. Weka nafasi 2 za kutazama, tuseme baada ya chakula cha mchana na saa 1 jioni, dakika 10 kila moja. Usitazame katika nusu saa ya kwanza baada ya kuamka wala nusu saa ya mwisho kabla ya kulala, kwa sababu nyakati hizo akili haijajikinga.

Kinachoharibu mpango huu ni upweke. Mtu anayetazama status 80 usiku mara nyingi anataka kuzungumza na mtu. Mpigie mmoja simu.

Wenzangu wote wamejenga, mimi bado napanga Chang'ombe. Wivu unanila.

Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, jiji limebadilika mbele ya macho ya watu. Mtu anapita Ilazo, Iyumbu au njia ya Mtumba na kila wiki anaona paa jipya la jirani wa zamani. Wivu huo una mazingira yake na hauna maana kwamba wewe ni mtu mbaya.

Sutra ya 1.33 inatoa dawa kwa hali 4: urafiki kwa walio na furaha, huruma kwa walio kwenye taabu, kufurahia wema wa walio wema, na utulivu mbele ya wabaya. Kwa wivu, chukua ile ya kwanza, uifanye kwa vitendo. Ndani ya siku moja tangu uone au usikie, mpongeze mhusika kwa jambo mahususi: "Nimeona umeezeka, hongera, paa limekaa vizuri." Kisha muulize swali la kazi: fundi nani, kiwanja kilipimwa, hati imechukua muda gani? Swali hilo linamgeuza mtu uliyemwonea wivu kuwa nyenzo mkononi mwako, na kumbuka Vyasa alizungumzia nyenzo zilizopo mkononi.

Halafu tazama hesabu yako mwenyewe. Mwingine alijenga kwa mkopo wa miaka 7, mwingine kwa urithi, mwingine kwa posho za safari zilizokwisha. Hujui, na usijaribu kujua. Wewe una kiasi gani kwa mwezi cha kuweka? Kikiwa 50,000, kwa mwaka ni 600,000, na hatua yako inayofuata huenda ni kutafuta kiwanja kilichopimwa nje kidogo kwa malipo ya awamu. Paa linaweza kuwa mbali, na hatua hiyo ikawa halisi.

Hitilafu ya kawaida ni kumpongeza mtu mdomoni huku ukimsema pembeni. Ukijikamata umeanza kumsema, nyamaza katikati ya sentensi. Inatosha kwa siku hiyo.

Nimedhulumiwa kazini, au napigwa nyumbani. Santosha inasema nivumilie?

Hapana. Kutodhuru ndiyo kanuni ya kwanza kabisa ya yoga, na inakuhusu wewe pia: kumwachia mtu aendelee kukuumiza ni kudhuru mwili na nafsi uliyokabidhiwa. Kusema kweli ni ya pili. Kuridhika kunakuja baada ya hizo na hakuruhusiwi kuzifunika.

Aliyepigwa au kutishiwa aende Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Aliyeachishwa kazi isivyo haki apeleke mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Kwa migogoro mingine ya kazi ni siku 60. Siku hizo zinakwenda haraka, kwa hiyo nenda kwanza, tafakari baadaye. Aliyecheleweshewa kupanda daraja aandike barua kwa afisa utumishi na abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Kazi ya santosha hapa ni ndogo ila ina thamani: inakuwezesha kudai haki yako bila kuifanya kesi iwe maisha yako yote. Umewasilisha, umepewa tarehe, basi leo jioni kula na watoto wako.

Na mtu yeyote, awe mume, bosi au mwalimu wa yoga, anayekuambia "ridhika" ili unyamaze, anaitumia kanuni hii vibaya. Santosha ni ya kujifundisha mwenyewe. Haikutengenezwa ya kumwamuru mwingine.

Mimi ni Mkristo / Mwislamu. Hii itagongana na dini yangu?

Yoga imezaliwa ndani ya mila za kidini na kifalsafa za India, na hatufichi hilo. Ukiona kutaja mantra (maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa) au kuinamisha kichwa kwa ibada kunakukwaza, yaache. Hayamo kwenye zoezi la dakika 15 hapo juu. Kuridhika kwenyewe hakutakuwa kugeni kwako. Mtume Paulo, kwenye Wafilipi 4:11, anasema amejifunza kuwa radhi katika hali aliyo nayo, na neno "kujifunza" lina uzito: hakuzaliwa nayo. Waislamu wanaijua kinaa kama tabia ya muumini. Wengi hufanya pumzi zile 30 kisha huendelea na sala yao, na wengine huuliza kwanza kwa mchungaji au shehe wao, jambo ambalo tunaliunga mkono.

Kuridhika kunaingiaje kwenye chakula?

Vitabu vya hatha yoga, yaani yoga ya mikao na pumzi, vinafundisha kula kwa kiasi: nusu ya tumbo chakula, robo maji, robo iachwe wazi. Kwa vitendo, pakua mara moja tu, sahani ya kawaida. Tonge la ugali wa uwele na mlenda lishuke kabla ya kumega jingine. Ukifika robo tatu ya sahani, pumzika dakika 2, ongea na watu, kisha amua. Ishara ya kushiba huchelewa kama dakika 20 tangu uanze kula, ndiyo maana anayekula haraka huvuka mpaka bila kujua.

Kanuni hii ni ya mwenye chakula cha kutosha. Mtoto anayekua, mjamzito, anayenyonyesha na mtu anayetumia dawa za kisukari wasipunguze mlo kwa ajili ya yoga. Na usikatae chakula cha mwenyeji wako ili kuonyesha kiasi; pokea kidogo, kula, shukuru.

Mimi ni bodaboda. Nitatulia vipi na hesabu ya kila siku?

Gawa siku mara mbili. Sehemu ya kwanza ina lengo: hesabu ya bosi, mafuta na chakula. Sehemu ya pili ina saa ya mwisho badala ya kiasi, tuseme saa 2 usiku. Ukishaipata hesabu, kila abiria ni wako, na saa 2 ikifika unakwenda nyumbani hata kama kijiwe bado kina watu. Dereva anayesema "nikipata elfu 5 nyingine" huendelea hadi saa 6 usiku, amechoka, na uchovu ndio unaomwangusha. Siku ambayo hesabu haikutimia, mpigie bosi kabla hajakupigia.

Maji yamekatika, foleni ni ndefu. Hapo nifanye nini?

Ndoo ikiwa kwenye foleni, nafasi yako iko salama. Kuchungulia mbele kila dakika hakuisogezi. Tuliza mabega, toa pumzi ndefu mara 10. Nyumbani, jaza ndoo na simtanki siku za mgao bila kusubiri dalili, ili siku ya ukavu usiwe na kitu cha kugombania.

Nina huzuni nzito, sifurahii chochote. Santosha itaniponya?

Ikiwa hali hiyo imedumu wiki 2 au zaidi, huli au hulali vizuri, kazi imekushinda, au unawaza kufa, hiyo inaweza kuwa sonona na inahitaji mtaalamu. Nenda kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Mirembe hapa Dodoma. Mwenye mawazo ya kujiua asiachwe peke yake na aende leo. Usijilazimishe kuandika daftari la kuridhika ukiwa katika hali hiyo, kwa sababu litageuka orodha ya kujilaumu. Pumzi ndefu na kutembea kidogo asubuhi unaweza kuendelea navyo sambamba na matibabu, kama daktari hajakataza.

Itachukua muda gani kuona tofauti?

Pumzi utaihisi wiki ya kwanza. Matumizi ya fedha yanaonekana baada ya mishahara 2 au 3. Wivu ndio unaochelewa, na hurudi kila msimu wa ujenzi. Ukikatisha kwa wiki nzima, usifidie kwa kufanya saa moja. Rudi kwenye dakika 15 zilezile, hata 5.

Watoto wanaweza kufundishwa?

Kuanzia miaka 4 hivi, kwa michezo. Wakati wa kulala, mtoto alale chali na kidoli au kitabu chepesi juu ya tumbo, akitazame kikipanda na kushuka mara 10. Mwenye miaka 7 na kuendelea mpe fedha ndogo ya wiki, hata 1,000, aamue mwenyewe, na ikiisha Jumanne usiongeze hadi Jumatatu ijayo. Atalia wiki ya kwanza. Usimkemee kwa kutamani vitu vya wenzake, na usimlinganishe na mtoto wa jirani, si kwa kumsifu wala kwa kumkosoa. Akitaka kitu, kiandikeni pamoja kwenye karatasi yenye tarehe, ibandikwe ukutani, na siku 30 zikiisha muulize kama bado anakitaka.